Daftari la Kigango cha Shika Adabu

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa,
lakini nakumbuka: watu kumi na mmoja,
shilingi mia mbili arobaini,
na kuku wa Mama Kadzo
aliyetoroka kabla ya kubarikiwa.

Misa tulisali katika ghala la makaa la Mutiso.
Tuliingia na leso safi, tukatoka na magoti meusi.
Kwetu sisi Jumatano ya Majivu
iliangukia kila Jumapili
ambayo padri aliwahi feri.

Ng'ambo walitucheka:
kanisa gani hilo, la Shika Adabu?
Tukashika adabu, tukanunua mawe.

Mawe ya timbo la Waa, lori moja moja,
na kila dereva alidai ya chai,
nami nikaandika: chai.
Kisima chetu kina chumvi;
saruji huyameza maji yake leo, mwakani hukohoa unga.
Maji matamu yalikuja kwa mkokoteni, shilingi tano mtungi.
Hayakutosha. Tulichanganya.
Padri Mwanyumba akatangaza
anayekuja kuungama asije mikono mitupu.
Si kitubio, alisema, ni zege.
Mwezi ule dhambi zilipungua ghafla.

Fundi alikuwa Famau Athman wa nyuma ya msikiti,
mtu wa timazi na maneno machache.
Siku ya kupiga kamba aliuliza:
altare yenu inatazama wapi?
Katekista akasema mashariki, jua linakotoka.
Mutiso akasema barabarani, sadaka inakotoka.
Famau akakunja kamba, akangoja.
Sisi, alisema, mjadala huo hatuna.

Adhuhuri aliweka mwiko chini,
akatawadha kwa maji ya mtungi wetu.
Mama Akeyo alinung'unika:
shilingi tano hiyo, inaishia miguuni.
Sikuiandika.

Kisha mwaka ule wa fujo.
Sitausimulia. Waliokuwapo wanajua,
na wasiokuwapo wameshaambiwa vingine.
Tulivuka na magodoro kichwani;
daftari nililifunga tumboni, chini ya leso,
kama mimba ya uzeeni.
Mutiso hakuvuka.

Miezi saba.
Tuliporudi, ghala lilikuwa majivu ya kweli.
Mbigili zimeota palipopimwa altare,
na kipande cha reli, kengele yetu, hakipo.
Lakini ukuta.
Nilihesabu safu toka chini, nikahesabu tena,
nikafungua daftari:
tuliacha kumi na moja.
Zilikuwa kumi na nne.

Famau alikuja jioni, kengele begani,
imeviringwa kwenye mkeka.
Mawe yangeibwa, alisema.
Jiwe likiwa ukutani, mwizi huona uvivu.
Kisha akauliza kama tumekula.

Leo sisi ni parokia.
Askofu alikuja na barua,
tukapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.
Wageni huniomba daftari, wakapiga picha majina,
wakakwama kwenye mstari mmoja
usio na tarakimu, uliokaa katikati,
si mapato, si matumizi:
Famau. Safu tatu.

Mimi ndiye ninayefagia Jumamosi.
Ukuta nimeujua kwa ufagio.
Safu za chini zinakohoa unga mweupe,
za juu nazo vilevile,
ila ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ya kumi na nne:
hizo ni kavu, ngumu, hata punje haidondoki.
Yale hayakuwa maji ya kisima chetu,
na wenye mikokoteni mwaka ule walikimbia.
Upande huu tangi la maji ya mvua ni moja tu,
na watu hutawadhia.