Mraba wa Kumi na Saba

Natupa mraba nyuma ya bega bila kutazama,
mabomba manne ya plastiki, mita kwa mita,
ili jicho lisichague uzuri.
Unatua kati ya Ole Tveit na mkewe Gunhild,
waliozaliwa ng'ambo, wakazikwa hapa Iowa
kabla plau haijaimaliza nyika.

Makaburi ndiyo yaliyoiponya.
Kila upande mahindi, mahindi, mahindi hadi upeo,
na hapa nusu eka
ambayo hakuna aliyethubutu kuilima.

Napiga magoti. Mimi nataja, Dorrit anaandika.
Nyasi za samawati, ndefu kunipita: asilimia arobaini, alama tano.
Mmea-dira, kingo za majani zikielekea kaskazini na kusini: nane.
Mzizi wake, asema Dorrit, umeshuka kumpita Ole.
Kumi hupewa asiyestahimili kuguswa;
sifuri, aotaye popote,
hata kwenye ufa wa lami.
Udongo mtupu: asilimia tatu.
(Si mtupu. Sisimizi wanahamisha mayai.
Fomu haina safu ya sisimizi.)

Kisha, chini kabisa ya bomba la kusini,
mchunga.
Mchunga! Ule ule wa Muheza,
bua likivunjika, maziwa yale yale,
mama akiuchemsha mara mbili kuutoa ukali,
na bado ulimi ukikunja uso.

"Uko ndani au nje?"
Dorrit, kitukuu cha Tveit, hainui kichwa.
Anajua ninachojua:
wastani ukishuka chini ya tano
kaunti italeta mashine ya kufyeka,
na mwakani hapa patakuwa zulia la kijani,
safi, bubu.
Nafukua kwa kidole.
Shina limeegemea nje. Mzizi
uko ndani, kwa unene wa ukucha.

Ile methali ya mgeni kuja na mwenyeji kupona
haimo katika mwongozo wetu.

"Ndani," nasema. "Mgeni. Sifuri."

Kalamu inasita, inakwaruza, inaendelea.
Tunajumlisha, tunagawa: tano nukta moja.
Imebaki miraba mitatu
na jua limeanza kuuma shingo.

Majani manne nimeyatia kwenye kopo la chakula.
Hayo hayamo katika takwimu.
Dorrit ameona.
Ameuliza tu kama yanataka chumvi.