Ngano Ina Kiu

Miaka thelathini na mmoja nilihamisha ngano,
ghala la saba, bandari ya Thunder Bay,
mabehewa yakija kutoka nyanda za magharibi,
yakiinamishwa, yakitapika,
na meli zikiondoka zimezama hadi shingoni.
Ukiniuliza tani ngapi, sikumbuki.
Vumbi lake nalikumbuka. Liliingia hadi kwenye soksi.

Lakini mkate? Mkate ulikuwa wa Aune.
Nilirudi nikaukuta mezani
kama mtu anavyoikuta asubuhi,
bila kuuliza ni nani aliyeileta.

Sasa mikono ya Aune inatetemeka.
Daktari ana jina lake, refu.
Sisi twasema "mikono" tu:
leo mikono imeamka vibaya.
Kikombe chagonga sahani, ting, ting.
Kisu kiliondoka mbele yake siku moja,
na hakuna aliyetamka kwamba kimeondoka.

Basi Januari, digrii thelathini chini ya sifuri,
dirisha limeota barafu kwa ndani,
akaketi karibu na jiko, shali mabegani,
akasema, "Reino, vaa aproni."

Mara ya kwanza nilifanya kama kazini.
Nikamwaga, nikasukuma, nikatazama saa.
Yakatoka mawe kumi na mawili.
Bi Kowalchuk wa jirani nilimpelekea mawili,
akauliza kwa adabu kama ni ya kuzuilia mlango.
Hata kunguru wa uani aliligeuza moja kwa mdomo,
akanitazama,
akaruka.

Aune alicheka hadi akajishika ubavu.
"Umeinyima maji. Ngano nzima ina kiu.
Wishwa ni wembe, Reino; ukiukanda mkavu
unalikatakata donge ndani kwa ndani.
Loweka unga kwanza kwa maziwa vuguvugu,
kisha ondoka. Kazoe theluji,
kagombane na redio,
ila usiuguse kwa nusu saa."

Nusu saa! Mimi niliyelipwa kwa kasi.
Nikazoa theluji hadi mlangoni kwa Bi Kowalchuk.
Niliporudi, unga ulikuwa umebadili tabia,
mzito, mtulivu, kama mtu aliyekunywa akashiba.
Kisha hamira, siagi, chumvi,
asali kijiko kimoja kilichofurika,
na kiazi kimoja cha kuchemsha, kilichopondwa
(siri ya mama mkwe; nisamehewe).

"Unakanda au unapigana?"
"Nakanda."
"Mbona umeuma meno?"
Kisha: "Lete hapa."

Nikampakatisha bakuli.
Akatia mikono yote miwili,
na donge likakipokea kitetemeshi kile,
likanywea, likarudi, likanywea,
kana kwamba ndivyo linavyokandwa siku zote.
Nilinyamaza. Yeye ndiye aliyesema:
"Hili halijali."

Likaumuka maradufu chini ya kitambaa.
Nikaligawa kumi na mbili kwa mizani ya barua,
maana ghalani hatukukisia.
Akanionya nisizitenge kwenye trei:
skonzi zikae bega kwa bega,
iliyo peke yake hukauka pande zote.
Zilipotoka ovenini nikazipaka siagi,
nikazifunika taulo zitokwe jasho,
ganda likalainika lenyewe.

Jioni kulikuwa na supu ya samaki.
Aune akanyoosha mkono.
Wangu nikaukalia, nakwambia kweli, niliukalia,
na sikuwahi kushusha behewa zito kama lile.

Skonzi ikaachana na mwenziwe bila kubishana.
Akaipasua katikati kwa vidole vyake,
mvuke ukampanda usoni.
Siagi akaipaka kwa kidole,
mtu mzima wa miaka sabini na minne,
akakilamba.

Nami nikajitia hamnazo,
nikashughulika kutafuta chumvi
iliyokuwa mbele yangu.