Ukanda Usikatwe Kwanza

Wiki tatu gari lilinijibu kwa teke.
Naachia klachi, linagonga, du! chini ya kiti,
kama mpangaji wa chini aliyechoka na viatu vyangu.
Zhiguli ya mwaka sabini na nne, rangi ya haradali,
urithi kwa mjomba Mkrtich, pamoja na deni la umeme
na sanduku la spana ambalo ufunguo wake alizikwa nao.

Gyumri, Machi. Theluji imebaki pembezoni tu,
nyeusi kama ukoko.
Nikatandaza boksi la friji, nikaingia chini chali.
Pale, giaboksi inapokabidhi kazi kwa propela,
upo mpira: pembe sita, boliti sita,
na nyufa nilizoacha kuzihesabu.
Umepokea kila hasira ya injini
ukaipitisha nyuma ikiwa imepoa.
Mjomba alisifu taa, alisifu honi.
Huu hakuwahi kuutaja.

Boliti tatu zilitoka kwa matusi ya kawaida.
Ya nne ilidai mafuta ya taa na usiku mzima.
Ya tano iliondoka na ngozi ya kidole.
Ya sita, kwa dharau, ilizunguka kwa mkono mtupu.

Mpira mpya ulitoka dukani kwa Zaven
umebanwa kiunoni kwa ukanda wa chuma.
Nikadhani ni wa kufungia mzigo tu.
Nikaukata kwa koleo.
Mpira ukashusha pumzi, ukatanuka,
matundu yote yakahama makwao,
na boliti zikawa wageni mlangoni.

Haykanush wa ghorofa ya tatu
aliniona miguu tu, akasikia yaliyobaki.
Akashuka na kamba ya kuanikia nguo na mwiko.
"Umekata ukanda," akasema. Halikuwa swali.
Akalala kando yangu juu ya boksi,
na miaka yake sabini na mitatu, na ndara zake za manyoya,
akazungusha kamba mara mbili, akafunga fundo,
akachomeka mwiko, akasokota.
Mpira ukarudi ndani, unywele kwa unywele.
"Tia. Usinitazame mimi, tazama tundu."

Ya kwanza. Ya pili.
Nikamuuliza alijifunzia wapi.
"Kwenye mapaja ya watu," akasema. "Desemba ile.
Kamba zilikuwa za mapazia."
Akaongeza nusu mzunguko.
Nikatafuta nati ya tatu kwa vidole, muda mrefu
kuliko ilivyohitaji.

Tulipomaliza hakulegeza mara moja.
Aliichukua chaki yangu ya alama,
akaandika juu ya propela, kwa mwandiko wa hospitali:
saa tano na dakika kumi.
Kisha akakumbuka ni gari.
Hakufuta.

Nikawasha. Nikaachia klachi.
Kimya; gari likaenda tu, kama mtu
aliyesamehe bila kutangaza.
Hadi reli na kurudi, ile saa tano na dakika kumi
ikizunguka chini yangu kwa kasi isiyosomeka.

Kamba imerudi kwenye roshani yake.
Ina kipande kimoja, kama shubiri tatu, cheusi kwa grisi.
Shuka anazianika huku na huku,
pale katikati anapaacha wazi.