Pana, Kuna, Mna

Daktari Lamjed, mtu wa Tunisi, aliandika ubaoni
neno moja la Kiarabu, wujudi, akalipigia mstari,
akauliza: kitu kuwepo, maana yake nini?
Kiyoyozi kinakoroma. Nje, Al-Khodh,
digrii arubaini na sita, kunguru wamejibanza chini ya magari.
Hakuna aliyejibu.
Mimi nilikwishajibu, kimoyomoyo,
kwa lugha isiyokuwa na kiti darasani.

Nyumbani kwetu kitu hakiwepo hivihivi.
Pana mtu: hapa, mlangoni, naweza kumhesabu vidole.
Kuna mtu: huko, upande nisioujua vyema.
Mna mtu: ndani, kafungiwa na kuta.
Bibi yangu angemuuliza Daktari, kiwepo wapi?
Wala si ubishi. Anataka kujua pa kukitazamia.

Muhula uliofuata tukasoma maarifa.
Uamini jambo, jambo liwe kweli, uwe na hoja:
nikayaona mafiga matatu, na chungu juu yake kimetulia.
Daktari akakipiga teke.
Mtu aweza kuwa nayo yote matatu, alisema, na bado asijue.
Leteni mfano wenu, kurasa mbili, Jumapili.

Mfano wangu ni huu.
Asubuhi, Mabela. Bi Ghaniya, mtoto wa jicho macho yote mawili,
anasikia gari likiingia uani. "Harithi karudi," anasema.
Lilikuwa gari la gesi. Mbengali anashusha mtungi.
Lakini mjomba Harithi kweli karudi kutoka Duqm,
tangu saa tisa usiku, kwa lifti ya rafiki,
kalala chumba cha nyuma na viatu miguuni,
na hakuna aliyemsikia.
Bibi aliamini. Lilikuwa kweli. Na hoja anayo: injini.
Je, alijua?

Nikaandika: hakujua, alibahatika.
Nikapewa themanini na moja, na "vizuri" kwa wino wa kijani.

Ila liko jambo sikuliandika.
Mezani siku ile palikuwa na vikombe vitatu.
Cha bibi, changu,
na cha tatu kimefunikwa kisahani,
chai ya tangawizi ishapoa, ishafanya utando.
Kilimiminwa kabla ya gari la gesi. Kabla sana.

Nilimuuliza. "Kikombe gani?"
Usiku nikamuuliza tena.
Akaniambia nifunge mlango, baridi inatoka.

Labda ni mazoea tu. Nikachunguza siku kumi,
nikaweka alama kwa penseli nyuma ya daftari:
siku nne kipo, siku sita hakipo,
na Harithi hakuja hata moja.
Basi si dalili. Daktari angefurahi,
angesema nimeanza kufikiri.
Nilikaa na ile karatasi nikaona haya,
kama mtu aliyempekulia bibi yake mkoba.

Leo nimeamka kabla yake.
Mlango wake umefungwa, namsikia anakoroma.
Taa ya jikoni inawaka. Sikuiwasha.
Mezani kisahani, kifudifudi.
Nimekigusa: moto.

Pana kikombe.
Mna chai.
Kuna mtu.