Sekunde Arobaini na Nane

Prienai, Januari. Karakana inanuka povu lililoungua,
na kosa ni langu.

Bawa la ndege isiyo na injini
hutaka kuwa pana begani, jembamba nchani:
sentimita sitini huku, ishirini na nne kule.
Katikati waya mmoja, mwekundu kwa moto,
umeshikwa na vigari viwili visivyojuana,
kila kimoja na mota yake, kila kimoja na reli yake.

Nami kwa kupenda usawa nilivipa mwendo uleule.
Haki, nilidhani.
Cha nchani kikafika mapema, kikasimama, kikangoja;
na waya wa moto haujui kungoja.
Ulipotulia ndipo ulipokula,
ukachimba shimo la ukubwa wa yai
katika bawa la mteja wa Tartu.

Wanasema mwenda pole hajikwai.
Hawakusema lolote juu ya anayewahi akasimama.

Bwana Žygimantas hakufoka. Alitia kidole shimoni,
akakizungusha. "Nenda kanywe chai, Skaistė,"
kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu ya hasara.

Sikunywa. Nilisimama dirishani, glavu mkononi.
Nje barafu imelala hadi daraja la Nemunas,
na mama Bronė na mumewe wanatoka dukani,
wameshikana viwiko wasiteleze.
Penye kona wakageuka.
Mama, upande wa ndani, alikanyaga karibu palepale,
vihatua vya kuku.
Mzee, upande wa nje, akatanua miguu,
mfuko wa viazi ukimgonga paja.
Hakuna aliyemvuta mwenzake.
Hakuna aliyesema ngoja.
Kona ikaisha, nao bado bega kwa bega.

Nikarudi kwenye kompyuta.
Nikafuta mwendo, nikaandika muda:
sekunde arobaini na nane, kwa wote wawili.
Mwendo ukajitafuta wenyewe,
milimita kumi na mbili na nusu kwa sekunde kwa huyu,
tano tu kwa yule.

Waya ukaingia kwenye povu jipya bila kelele,
mshazari, kama mtu anayefunua shuka
asimwamshe mtoto.
Mwishoni vigari vikagonga vizuizi:
tak.
Moja tu. Nilisubiri ya pili, haikuja.

Bwana Žygimantas akapitisha kidole
toka begani hadi nchani.
Hakikupata pa kuingia.

Chai ilikuwa imepoa, nikainywa hivyohivyo.
Povu la kwanza
alilikata mshaharani.