Ponya, Ponda

Kila alfajiri mamangu huamka kabla ya mikono yake.
Yeye husikia adhana; mikono haisikii.
Huilaza juu ya leso iliyokunjwa, akaingoja
hadi jua lifike dirisha la tatu la nyumba ya kina Sombwana.
Hapo ndipo kidole gumba hukubali kuitwa kidole.

Kuze, Kibokoni, hadi Majengo
wamo waliovaa kofia zake siku ya Idi,
wasijue vile vito, vile vitundu vya kupitisha upepo,
vilizungushiwa uzi na mtu
ambaye leo hawezi kufunga kifungo.

Nduguye, Khala Mwanakheri, tumbo moja, ziwa moja,
alianza kuumwa masika yale yale.
Yeye bado atunga uzi sindanoni.
Hulalama, huchechemea, nazi hukuna mwenyewe.
Mafaili mawili Makadara, jina la ugonjwa moja:
kwa mmoja ulikuja kwa miguu,
kwa mwengine ulikuja mbio.

"Wewe ndiwe mtu wa maabara," mama akasema.
"Kofia mia na ngapi nilikusomeshea? Basi niambie."

Nikamwambia, nikimpaka mafuta vifundoni:
Mama, mwilini mna wapiga mbiu.
Saitokini, ndilo jina lao. Wadogo mno,
hadubini yangu haiwaoni, huwajua kwa kelele zao.
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, si ndivyo?
Kwako inalia, na jambo hakuna.
Watu watoka na marungu usiku,
mwizi hawamwoni,
wampiga mwenye nyumba,
kisha wakaugeukia mlango.

Akacheka kwa pua. "Watu hao nawajua."
Kisha: "Na kwa Mwanakheri? Mbiu hailii?"

Yalia, ila kwa sauti ya chini.
Kila mtu ni barua ndefu, herufi mabilioni,
na yenu imenakiliwa kwa wino mmoja.
Lakini pale mbiu inapoamriwa ilie kiasi gani,
herufi yako moja si yake.
Ni kama mtoto wa chuo kwenye ubao wake:
kwa khala ameandika *ponya*,
kwako ameandika *ponda*.

"Nani aliyekosea?"

Sikuwa na jibu la kitabu.
Labda hakuna aliyekosea. Labda bibi wa bibi yako
aliokoka homa iliyomaliza mtaa mzima
kwa sababu mbiu yake ililia mno.
Tena herufi moja haitoshi, nikaongeza haraka,
ziko nyingine, uko moshi, yako mambo
ambayo hata waliobobea huyazungumza wakitazama chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Si nguoni, mama.
Ni fundi mwenyewe. Yule yule
aliyekuunga mfupa ulipoanguka ngazini,
aliyekufunga jeraha la kisu cha samaki.
Hakugeuka adui. Amesoma vibaya
akafanya kwa bidii.

Akanyamaza. Paka akapita. Mahali fulani
mtu alikuwa akitwanga iliki.
Kisha akauliza, bila kunitazama:
"Na yako? Wewe umeandikwaje?"

Nikasema mashine ya kusoma hayo hatuna,
damu hupelekwa Nairobi, majibu hukawia.
Yote kweli. Sikusema yangu yamerudi
tangu mwezi wa Rajabu, na bahasha iko mkobani
chini ya risiti za umeme, gundi haijabanduka.

Leo Jumamosi: tembe saba ndogo za njano,
dawa ya wiki nzima katika kiganja kisichokunjuka.
Ananyosha shingo nimfunge vifungo vya gauni,
sita, na cha juu kabisa ni kigumu hata kwangu.
"Taratibu," asema, "si lazima vyote."

Usiku huu sitalala vizuri, najua.
Na kabla muadhini hajamaliza kukohoa kipazani
nitaukunja mkono wangu gizani, kidole kwa kidole,
kama ninavyofanya kila siku.

Jana ulifunga.