Subana

Subana aliyoivaa miaka thelathini
kiwandani Łódź imegoma kupita kidoleni.
Bogumiła alilaumu chumvi. Akalaumu baridi.
Jumatatu pete ikakatwa kwa msumeno mdogo.

Leo wamemdunga katikati ya vidole,
mikono yote miwili, tone la mnururisho,
na kamera inashuka juu yake,
bapa kama pasi, ila haichomi.

Kushoto nukta zinapanda: kiwiko, kwapa, zimefika.
Kulia zimekwama kifundoni,
zimetapakaa chini ya ngozi
kama wino kwenye kitambaa kilicholowa.

“Damu haijaganda,” asema daktari Wieczorek.
“Wala si saratani. Ni kidonge.”

Kidonge kile kile kinachowalaza walinzi
wasimfukuze mgeni,
figo ya kaka yake Zenon.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Alipona. Nani aliuliza
karamu italipiwa na kiungo gani?

Watabadilisha dawa. Huenda uvimbe ukapungua.
Huenda.

Anauminya mkono kwa kidole gumba: kishimo.
Anahesabu hadi ishirini. Kishimo kipo.
Basi anaivika subana mkono wa kushoto
na kuanza, vibaya,
kushona kifungo cha koti la Zenon.